Swali la Arobaini na Mbili

Mwenye nyumba wangu alikuwa na maswali arobaini na moja. Nayajua yote, kwa sababu chumba changu kilikuwa cha mbele na dirisha langu lilifungukia barazani, hatua mbili kutoka kwenye stuli walipokalishwa watu waliokuja kutafuta chumba. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja nilikaa dirishani pale nikipinda sketi za shule, na mbele yangu watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wakiulizwa kama wanakoroma.

Tulimwita Mzee Stoo. Alitunza stoo ya kampuni ya spea za magari kwa miaka thelathini, na alipostaafu aliondoka na vitu vitatu: kiinua mgongo alichojengea nyumba ya vyumba saba vinavyotazamana uani, daftari kubwa lenye jalada gumu, na muhuri wa mpira ulioandikwa IMEKAGULIWA, ambao sidhani kama aliuomba. Kule stoo hakuna kilichoingia bila kugeuzwa, kunuswa na kutikiswa. Alipoanza kupokea wapangaji hakuona sababu ya kubadili utaratibu.

Mkewe alikuwa amekwenda kumsaidia binti yao kwa wiki mbili. Ulikuwa mwaka wa tatu. Mzee Stoo alisema mama anapumzika kidogo. Sisi wapangaji tulisema mama alichoka kujibu.

Stuli ya usaili ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwanzoni nilidhani ni ubovu tu, nikamwambia nitamtafutia kipande cha mbao cha kuweka chini yake.

"Iache hivyo hivyo, Fundi," alinijibu. "Sasa mtu asiyetulia nitamjuaje?"

Basi kila aliyekaa aliyumba, na kila aliyeyumba aliandikwa kwenye daftari kwamba hana utulivu. Namkumbuka kinyozi mmoja, mpole, aliyekuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa nne, mzee."

"Unakoroma?"

"Sijui, mzee. Nakuwa nimelala."

"Shahidi wako nani?"

"Sijaoa, mzee."

Mzee Stoo aliandika huku akijisomea kwa sauti: "Hajaoa. Anakoroma. Anaficha." Halafu akaendelea. Una ndugu wangapi wenye shida? Kati yao, wangapi watajua unapoishi? Redio yako ina spika ngapi? Ukipika, unakaanga au unachemsha? Mara ya mwisho kulia, ulilia kwa sababu gani? Kinyozi alijibu yote hayo akiwa ameshika stuli kwa mikono miwili. Baada ya hapo alipewa ndoo, akaambiwa aijaze bombani mpaka juu na kuivusha ua mzima, na Mzee Stoo akamfuata nyuma akitazama matone chini. Shati jeupe likaloa. Jibu lilikuwa hapana.

Mtu atauliza mimi nilipitaje. Nilipita kwa kifungo. Siku ya usaili wangu, tukiwa kwenye swali la tisa, Mzee Stoo alivuta pumzi ya swali la kumi na kifungo cha shati lake kikakatika hapo tumboni, kikaviringika mpaka miguuni kwangu. Nilikiokota, nikatoa sindano na uzi kwenye mkoba, nikakishona akiwa amelivaa shati lenyewe, amesimama kama mtoto anayevalishwa kwenda shule. Alikivuta kifungo kwa vidole viwili. Kikakaa. Akafunga daftari, na yale maswali thelathini na mawili yaliyobaki hakuniuliza mpaka leo.

Tangu siku hiyo nilimshonea kila kitu. Niligeuza kola zake zilipochakaa, nikampindia mapazia, nikamtengenezea lastiki ya miwani baada ya mkono mmoja wa miwani kuvunjika, na daftari lenyewe nikalishonea mfuko wa turubai lisilowe na mvua. Sikumdai hata senti. Naye hakuwahi kuniambia asante. Aliichukua nguo, akaigeuza ndani nje, akauvuta mshono, akasema, "Imekaguliwa." Nilicheka kila mara, akaniuliza nacheka nini, nikasema sicheki.

Lakini maswali na ndoo vilikuwa mchezo tu mbele ya barua. Mzee Stoo hakumpokea mtu asiye na barua kutoka kwa mwenye nyumba alikotoka. Barua aliisoma amesimama, miwani imebanwa kichwani kwa lastiki yangu, na alichokisoma humo hakikuwa na rufaa. Mtu angeweza kuyumba kwenye stuli na kumwaga ndoo nzima, barua ikimsifu amepata chumba.

Kuna muuguzi mmoja, mjane, niliyekuwa namshonea sare. Mwanamke anayebisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Nilimwelekeza mwenyewe kwa Mzee Stoo kilipopatikana chumba, kwa kuwa alitaka kuwa karibu na kazini. Alijibu maswali vizuri, hakumwaga hata tone, halafu Mzee Stoo akafungua barua. Iliandikwa kwamba mama huyu anajibu watu vibaya, anapoteza funguo, na ukimpokea utajuta. Muuguzi alilia pale pale kwenye stuli. Mzee Stoo alimrudishia barua yake ameishika kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu mwingine.

Mwezi uliofuata alikuja kupimwa sare mpya, anatabasamu.

"Mwenye nyumba wangu alinifuata kazini siku ile ile," aliniambia. "Kanipunguzia kodi, kapaka chumba rangi."

"Sasa kwa nini alikuandikia yale?"

"Nami nilimuuliza. Akasema, 'Mwanangu, ningekuandikia vizuri ungekwenda.'"

Nilimpelekea Mzee Stoo habari hiyo moto moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyo muuguzi mwongo," alisema. "Mwenye nyumba gani anaandika uongo kwenye barua?"

Na chumba alichonyimwa muuguzi alipewa Bwana Semina. Huyo alikuja na barua ya kurasa mbili. Ilimtaja kuwa mtulivu, msafi, mcha Mungu, msaada kwa jirani, na kwamba wapangaji wenzake walimwaga machozi waliposikia anahama. Mzee Stoo aliisoma mara mbili, ya pili akaisoma kwa sauti ili na mimi dirishani nifaidike, akapiga muhuri wake chini. Tulimpa jina la Semina kwa sababu kila mwisho wa mwezi alikuwa kwenye semina. Alirudi tarehe saba, tarehe nane, na mkoba mtupu na salamu nyingi. Chumbani alifuga kuku kumi na wanne. Alivuta waya kwenye mita yetu ya pamoja akawa anachajia simu za mtaa mzima, na tuliomlipia umeme ni sisi. Ukimwambia, anakuita dada yangu kipenzi na kukupa yai.

Mwaka na nusu Mzee Stoo alihangaika kumtoa. Alimwandikia notisi, kuku wakazila. Siku moja Bwana Semina mwenyewe akaja barazani, amevaa tai, akasema kapata nyumba mtaa wa juu, ila huko wanataka barua. Mzee Stoo alinyanyuka haraka hata stuli ikaanguka. Alikaa na kalamu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akanipitishia karatasi dirishani nimtazamie kama kuna makosa. Ilikuwa ya kurasa tatu. Bwana Semina alikuwa mtulivu, msafi, mcha Mungu, mlezi wa viumbe hai, na nyumba yote imegubikwa na huzuni.

"Mzee," nilisema, "huyu si ndiye yule mwenye kuku?"

"Fundi, barua ya kumwondoa mtu haiandikwi kwa hasira."

"Na ile aliyokuja nayo, unadhani iliandikwaje?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajaenda shule. "Ile iliandikwa na mwenye nyumba mwenzangu," alisema. "Sisi wenye nyumba tunaheshimiana."

Nakwambia alisema hivyo huku analamba bahasha. Aliamini kabisa kwamba katika wenye nyumba wote duniani, mwongo ni yeye peke yake, tena kwa dharura tu. Mwezi uliofuata akampokea mtu mwingine mwenye barua ya kurasa mbili, na huyo akahama na bomba la uani.

Nilicheka sana miaka ile. Sikujua kwamba na mimi nitafika kwenye foleni hiyo.

Binti yangu alijifungua mapacha. Mumewe anaendesha lori la masafa, akiondoka anakaa wiki tatu, na yeye mwenyewe kazi yake ni ya zamu kwenye kiwanda cha mikate. Likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha Jumatatu ya wiki iliyofuata. Alikuwa anakaa upande wa pili wa mji, magari mawili na kutembea. Alinipigia simu nikasikia watoto wawili wanalia na mtu wa tatu, naye ni yeye.

"Mama, nyumba ya mbele yangu ina chumba. Nikifungua dirisha nakuona. Ukikikosa hicho mimi kazi naacha, sina namna."

Nilikwenda. Mwenye nyumba ile alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene, mtulivu, mwenye mikono ambayo haikuacha kukunja kitu. Hakuniuliza hata kama nakoroma. Aliniuliza swali moja: nina barua?

"Nitaileta."

"Ulete Ijumaa. Kuna mwingine anakitaka, Jumamosi namjibu."

Nilimwomba Mzee Stoo barua siku hiyo hiyo. Alikuwa anahesabu vibanio vya nguo kwenye kamba.

"Unahama?"

"Nahama, mzee. Wajukuu."

"Mapazia yangu ya chumbani hayajaisha."

"Nitayamaliza kabla sijaondoka."

Alihesabu tena vibanio tangu mwanzo. Jumatatu hakunipa barua, Jumanne hakunipa. Nilimwona barazani anaandika, anakata, anaandika. Mimi nilivimba kichwa. Kama Bwana Semina na kuku wake walipata kurasa tatu, nilijiambia, mimi je? Miaka kumi na moja sijachelewesha kodi, uani nafagia hata zamu zisizo zangu. Niseme ukweli wangu: sikuitaka barua kwa ajili ya chumba tu. Nilitaka niione asante yangu kwa maandishi, walau mara moja.

Alhamisi jioni aliniletea bahasha. Ameifunga kwa gundi, juu ya gundi amepitisha utepe, na juu ya utepe muhuri: IMEKAGULIWA. Hakunitazama usoni. Mtu mwingine yeyote angestuka. Mimi, niliyewacheka watu wote waliopita kwenye stuli ile, niliiweka kwenye mkoba ndani ya kitambaa safi isije ikajikunja.

Ijumaa mkunga aliipokea, akaitoboa kwa kipini cha nywele, akasoma. Uso wake haukubadilika. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Kupitia dirisha lake nilimwona binti yangu ng'ambo ya barabara, mtoto kila mkono, ananiinulia kidevu kuuliza vipi. Nilimtabasamia.

"Soma mwenyewe," mkunga alisema.

Ilikuwa nusu ukurasa.

"Mpangaji huyu ni mgomvi. Cherehani yake hainipi usingizi. Maji anamwaga. Anafagia kwa vumbi jingi. Anacheka peke yake ovyo, bila sababu. Kodi analeta mapema mno, jambo ambalo lina mashaka. Kwa miaka kumi na moja nimevumilia. Nakushauri umrudishe kwangu mara moja, mimi ndiye ninayemweza."

Niliumia, tena vibaya. Kuna kuumia kwa kutukanwa na kuna kuumia kwa kujua kwamba mtu alikaa siku nne akitafuta matusi yako. Nilizikumbuka zile kola. Nililikumbuka turubai la daftari, ambalo lilinivunjia sindano mbili. Niliiweka karatasi mezani, nikachukua mkoba, nikasimama.

"Unakwenda wapi?" mkunga aliuliza.

"Nakwenda kumnyonga."

"Kaa kwanza. Miaka kumi na minane napangisha hapa, mama. Mtu akiniletea kurasa tatu za sifa, najua kuna mwenye nyumba mahali anasubiri kwa roho juu nimchukue. Siku hizi nafunga mlango." Aliinyanyua barua ya Mzee Stoo, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Mtu mbaya hivi, kakaa naye miaka kumi na moja, na bado anataka arudishwe mara moja? Huyu analia. Ni kwamba tu hajui kulia."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo, akauweka juu ya karatasi.

"Kucheka peke yako ruhusa," alisema. "Mchana."

Nilivuka barabara nikambeba mjukuu mmoja, nikalia na mimi, na binti yangu akadhani tumekosa chumba.

Jumamosi nilirudi kuchukua vitu, na kituoni niliposhuka nikakodi mwenye mkokoteni. Ndani ya gari, njia nzima, nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia yule mzee, na yalikuwa maneno mazuri, mengine ya ukoo mzima. Nilimkuta barazani na daftari. Kwenye stuli alikuwa amekaa fundi bomba, bisibisi mfukoni, anayumba, na mapajani pake barua nene.

Mzee Stoo aliinuka aliponiona.

"Walikukataa?"

Aliuliza haraka, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa umechangamka.

"Wamenipokea."

"Barua walisoma?"

"Neno kwa neno. Hata pale pa kucheka peke yangu."

Alivua miwani. Lastiki ikanasa sikioni, akahangaika nayo, akainasua. Aliifuta miwani kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Basi hao hawajui kazi," alisema.

Yale maneno niliyoyapanga yaliniishia hapo hapo. Nilikwenda ndani nikatoa vitu. Mapazia yake nilikuwa nimeyamaliza, niliyakunja nikayaacha dirishani. Alikuja mwenyewe kukagua chumba, kama ilivyo sheria yake. Alipitisha kiganja ukutani, akafungua na kufunga dirisha, akainama kutafuta alama za miguu ya cherehani sakafuni. Nilikuwa nimeweka vipande vya zulia chini yake tangu siku ya kwanza, hakukuwa na alama. Alisimama pale katikati ya chumba kitupu akinitafutia kosa na hakulipata. Kisha akamsaidia mwenye mkokoteni kubeba kichwa cha cherehani, wala hakuna aliyemwomba, akakiweka polepole, akakivutavuta kuona kama kimekaa.

"Kwaheri, mzee."

"Haya, Fundi."

Alirudi barazani. Tuligeuza mkokoteni, na pale getini gurudumu likanasa kwenye jiwe, tukasimama kulinasua. Nilimsikia akirejea mahali alipoachia.

"Unakoroma?"

"Hapana, mzee."

Nilisubiri swali la ndugu wenye shida, maana ndilo linalofuata, na kwa miaka kumi na moja halijawahi kurukwa. Halikuja. Lilikuja jingine, ambalo halimo kwenye daftari, na alilitoa kwa sauti ndogo kana kwamba anaona haya.

"Na kushona je? Unajua kushona?"

"Mimi ni fundi bomba, mzee," yule mtu alisema.

Nikasikia stuli ikiyumba, halafu kalamu ikiandika, ikiandika muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyohitaji.